Jinsi ya Kulinda Hifadhidata ya Tovuti Kwenye Seva ya Pamoja: Mwongozo Kamili kwa Watumiaji wa cPanel, MariaDB na PHP

Watu wengi wanaonitafuta baada ya tovuti zao kudukuliwa wamekwama mahali palepale. Wamebadili nywila ya barua pepe, wamefuta faili moja wasilolitambua, wameongeza programu ya ulinzi, na baada ya wiki mbili tatizo limerudi, kwa sababu mlango uliotumika haukuwa ule waliouziba.

Kwenye seva ya pamoja, ambako akaunti nyingi zinaishi ndani ya mashine moja, kuilinda seva nzima ni kazi ya kampuni inayokupangisha. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba kosa moja ndani ya programu yako halimpi mdukuzi hifadhidata yote, na kwamba hata akiifikia, unayo nakala nzima unayoweza kuirudisha siku hiyohiyo.

Mfano tutakaoufuata ni duka la vitenge lenye akaunti ya cPanel (paneli ya kusimamia tovuti kwenye seva) iitwayo `duka` na hifadhidata iitwayo `duka_mauzo`, yenye majedwali ya wateja na oda. Kila unapoliona jina `duka`, weka jina la akaunti yako. Ukitumia WordPress, hatua ni zilezile isipokuwa pale nitakapotaja tofauti.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Jina na nywila ya kuingilia cPanel, si ya FTP (njia ya kupandisha mafaili) peke yake.
- Kompyuta unayoiamini. Usifanye kazi hii kwenye mashine ya kukodi mtandaoni.
- Programu ya kutunza nywila, kwa sababu utatengeneza nywila nne au tano ndefu ambazo hutaweza kuzikariri.
- Diski ya nje au hifadhi nyingine iliyo nje ya seva hiyo.
- Kihariri cha msimbo, na SFTP (kuhamisha mafaili kwa usalama) au SSH (kutoa amri kwenye seva ukiwa mbali) kama kampuni yako inaitoa.
- Saa tatu za utulivu, katika muda ambao wateja ni wachache.

## Hatua ya 1: Chukua nakala kabla hujagusa kitu

Fungua phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia hifadhidata, uliomo ndani ya cPanel), chagua `duka_mauzo`, nenda kwenye kichupo cha Export, chagua muundo wa SQL na mbano wa gzip, kisha pakua. Baada ya hapo nenda kwenye kidhibiti cha mafaili, bana folda ya `public_html` kuwa faili moja, na ulipakue pia.

Onyo. Faili hilo ulilobana ukishalipakua, lifute kwenye seva mara moja. Kuna programu zinazozunguka mtandaoni mchana na usiku zikijaribu majina kama `backup.zip` na `database.sql` katika kila kikoa, na zikilikuta, hakuna haja ya udukuzi wowote tena: wateja wako wote wamo ndani.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kulifungua faili la SQL kwenye kompyuta yako na mwisho wake unapita jedwali la mwisho. Likikatika katikati ya mstari wa `INSERT`, upakuaji haukukamilika, rudia.

## Hatua ya 2: Tenganisha watumiaji wa hifadhidata

Ningeiweka hatua hii mbele ya nyingine zote kama si lazima ya nakala. Takriban kila tovuti niliyoitengeneza baada ya kudukuliwa ilikuwa na mtumiaji mmoja wa hifadhidata, mwenye ruhusa zote, anayehudumia tovuti tatu au nne za mmiliki yuleyule. Tovuti ya majaribio iliyosahaulika inapovunjwa, duka linakwenda nayo.

Kanuni ni hii: tovuti moja, hifadhidata moja, na watumiaji wake wa peke yake. Katika sehemu ya MySQL (programu ya hifadhidata; MariaDB ni ndugu yake) ndani ya cPanel, tengeneza watumiaji watatu. Mfumo utaongeza jina la akaunti mbele ya kila mmoja.

- `duka_tovuti` ndiye anayetumiwa na msimbo wa duka kila siku. Mpe `SELECT`, `INSERT`, `UPDATE` na `DELETE` tu, yaani kusoma, kuongeza, kubadili na kufuta mistari.
- `duka_fundi` hutumika unapobadili muundo wa majedwali. Mpe ruhusa zote, lakini nywila yake isiandikwe kwenye faili lolote la seva.
- `duka_nakala` anachukua nakala za usiku. Mpe `SELECT`, `SHOW VIEW` na `TRIGGER`.

Sababu ni kwamba mdukuzi anayepenya kupitia fomu ya tovuti hupata mamlaka ya mtumiaji ambaye msimbo unamtumia, wala hayapiti hapo. Akimkuta `duka_tovuti`, hawezi kufuta jedwali zima kwa `DROP` wala kubadili muundo wake. Bado anaweza kusoma na kufuta mistari, ndiyo maana hatua ya 4 ipo.

Kwa WordPress, viongezi na masasisho huhitaji pia `CREATE`, `ALTER`, `DROP` na `INDEX`, kwa hiyo mpe mtumiaji wake ruhusa hizo, ila usimruhusu kabisa kugusa hifadhidata ya tovuti nyingine.

Onyo. Usiweke kamwe jina na nywila ya cPanel yenyewe ndani ya msimbo. Zinafanya kazi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa zinafungua hifadhidata zako zote, barua pepe zako na mafaili yako kwa pamoja.

Umefanikiwa ikiwa jaribio hili linakataa. Tengeneza jedwali dogo liitwalo `jaribio` kupitia phpMyAdmin, kisha andika ukurasa mfupi wa PHP unaoingia kama `duka_tovuti` na kutoa amri ya `DROP TABLE jaribio`. Unapaswa kuona kosa namba 1142, lenye maneno `DROP command denied to user`. Usijaribu kwa kuandika amri hiyo ndani ya phpMyAdmin, kwa kuwa ukiifungua kutoka cPanel unaingia kama mmiliki wa akaunti, na amri itapita. Ukimaliza, futa ukurasa na jedwali.

## Hatua ya 3: Hamishia siri nje ya public_html

Kila kilichomo ndani ya `public_html` kinaweza kuombwa na kivinjari cha mtu yeyote. Faili la PHP hujilinda kwa sababu seva huliendesha badala ya kulionyesha, lakini ulinzi huo unategemea herufi za mwisho wa jina lake. Fundi akinakili `mipangilio.php` na kuiita `mipangilio.php.old` ili asipoteze toleo la zamani, seva inaweza kulitoa faili hilo kama maandishi ya kawaida, nywila ikiwa wazi.

Tengeneza folda `/home/duka/siri`, ambayo iko sambamba na `public_html` na si ndani yake, uweke humo faili la mipangilio. Kwenye `index.php` liite hivi:

```
require dirname(__DIR__) . '/siri/mipangilio.php';
```

Ipe folda ruhusa 700 na faili ruhusa 600. Ruhusa 600 ina maana kwamba mwenye akaunti pekee ndiye anayeweza kulisoma na kuliandika. Seva nyingi za cPanel huendesha PHP kwa jina la mwenye akaunti, kwa hiyo tovuti itaendelea kufanya kazi. Ikigoma, iulize kampuni yako PHP inaendeshwa kwa mtumiaji gani. Usikimbilie 777, ambayo inaruhusu kila mtumiaji wa mashine kuliandika faili lako.

Katika sehemu ya mipangilio ya PHP ndani ya cPanel, zima `display_errors` na uwashe `log_errors`, huku `error_log` ikielekezwa ndani ya `/home/duka/siri`. Ujumbe wa kosa la muunganisho humwaga mbele ya mgeni njia kamili ya folda zako na jina la mtumiaji wa hifadhidata. Hakikisha pia toleo la PHP ulilochagua bado linapata marekebisho ya usalama: PHP 7.4 iliacha kuyapata Novemba 2022, na bado ninaikuta.

Umefanikiwa ikiwa duka linafunguka kama kawaida, na ukitafuta nywila ya hifadhidata ndani ya `public_html` nzima huipati popote.

## Hatua ya 4: Rekebisha hoja zinazochanganya maneno ya mgeni na amri

Hoja ni amri ambayo msimbo unaituma kwa hifadhidata. Tazama mstari huu, ambao unafanana na mingi niliyoikuta:

```
$hoja = "SELECT jina, simu FROM wateja WHERE simu = '$simu'";
```

Mteja akiandika namba yake ya simu, kila kitu ni sawa. Lakini mtu akiandika `' OR '1'='1` katika kisanduku hicho, alama ya kwanza ya nukuu inafunga neno lako, na kilichobaki kinakuwa sehemu ya amri. Sharti linakuwa kweli kwa kila mstari, na ukurasa unamletea wateja wote. Kuchuja alama za nukuu mwenyewe hakutoshi. Dawa ni kutuma amri na taarifa vikiwa vimetengana, kupitia PDO, njia ya PHP ya kuongea na hifadhidata:

```
$pdo = new PDO(
  'mysql:host=localhost;dbname=duka_mauzo;charset=utf8mb4',
  $mtumiaji, $nywila,
  [PDO::ATTR_ERRMODE => PDO::ERRMODE_EXCEPTION,
   PDO::ATTR_EMULATE_PREPARES => false]
);
$hoja = $pdo->prepare('SELECT jina, simu FROM wateja WHERE simu = ?');
$hoja->execute([$_POST['simu']]);
```

Hapa hifadhidata inapokea amri kwanza na kuielewa, ndipo inapopokea namba ya simu. Chochote kilichoandikwa ndani ya kisanduku kinabaki kuwa thamani, hata kikiwa na nukuu mia.

Kama una SSH, amri hii itakuonyesha sehemu za kuanzia:

```
grep -rnE 'query\(.*\$' ~/public_html --include='*.php'
```

Haitaona mistari ambayo hoja imejengwa mapema ndani ya kigezo kingine, kwa hiyo pitia pia kwa macho kila ukurasa unaopokea fomu.

Onyo. Alama ya kuuliza haiwezi kusimama mahali pa jina la jedwali au la safu. Ukiruhusu mteja kupanga bidhaa kwa bei au kwa tarehe, andika orodha ya safu zinazokubalika ndani ya msimbo, na ukatae chochote kisichomo.

Unapoyaonyesha kwenye ukurasa maneno aliyoandika mteja, yapitishe kwenye `htmlspecialchars($neno, ENT_QUOTES, 'UTF-8')`. Vinginevyo mtu anaweza kuandika msimbo wa JavaScript katika jina lake, nao ukaendeshwa ndani ya kivinjari chako siku unapofungua orodha ya oda ukiwa umeingia kama msimamizi.

Umefanikiwa ikiwa kuandika `' OR '1'='1` katika kila kisanduku cha fomu kunaleta jibu la kawaida kwamba hakuna kilichopatikana, bila kosa lolote la SQL kuonekana.

## Hatua ya 5: Hifadhi nywila za wateja inavyopaswa

Tumia `password_hash()` kuhifadhi na `password_verify()` kuhakiki, katika safu ya `VARCHAR(255)`. Tokeo la bcrypt, njia ambayo PHP huitumia kwa sasa, lina herufi 60, ila nafasi ya ziada itahitajika PHP itakapobadili njia yake ya msingi. Mteja anapoingia, ita `session_regenerate_id(true)` ili kikao chake kipate namba mpya.

Kama hifadhidata yako bado ina nywila za MD5, njia ya zamani iliyo dhaifu, usisubiri wateja waingie mmoja mmoja. Pitisha kila thamani ya MD5 iliyopo ndani ya `password_hash()` leo, uweke alama kwenye mistari hiyo, na wakati wa kuhakiki ifanyie MD5 nywila iliyoandikwa kabla ya kuilinganisha. Mteja akifanikiwa kuingia, hifadhi upya nywila yake bila MD5.

## Hatua ya 6: Ifunge folda ya picha

Folda inayopokea picha kutoka kwa watu ndiyo wadukuzi huipenda zaidi, kwa kuwa faili la PHP likiingia humo na seva ikakubali kuliendesha, wana akaunti yako yote. Weka ndani yake faili la `.htaccess` (faili la maagizo kwa seva) lenye mistari hii:

```
Options -Indexes
<FilesMatch "(?i)\.(php[0-9]?|phtml|phar)$">
  Require all denied
</FilesMatch>
```

Kisha rekebisha ruhusa za tovuti nzima: folda 755, mafaili 644. Upande wa msimbo, lipe kila faili linalopokelewa jina jipya unalolitengeneza mwenyewe. Usitumie jina lililoletwa na mgeni.

Umefanikiwa ikiwa unapandisha `jaribio.php` ndani ya folda hiyo kwa kidhibiti cha mafaili, unaifungua kwenye kivinjari, na unapata kosa la 403. Lifute baada ya hapo.

## Hatua ya 7: Funga milango ya paneli

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye cPanel. Futa akaunti za FTP za mafundi walioondoka. Hakikisha cheti cha SSL kinafanya kazi na kwamba anwani ya `http` inaelekezwa kwenye `https`.

Fungua sehemu ya Remote MySQL na uangalie orodha. Ukiona alama ya `%` peke yake, ina maana kwamba kompyuta yoyote duniani inaruhusiwa kujaribu nywila dhidi ya hifadhidata yako, endapo bandari ya 3306 iko wazi. Iondoe. Tovuti iliyo kwenye seva hiyohiyo hutumia `localhost` na haihitaji chochote hapo.

## Hatua ya 8: Panga nakala ya kila usiku

Kampuni nyingi huchukua nakala zao, lakini nakala hiyo mara nyingi iko chini ya akaunti ileile unayoweza kufungiwa. Uwe na yako.

Ndani ya `/home/duka/siri` tengeneza faili `nakala.cnf` lenye ruhusa 600:

```
[client]
user=duka_nakala
password="nywila-ndefu-hapa"
```

Usiziondoe alama za nukuu. Nywila ikiwa na alama ya `#` bila nukuu, kila kinachoifuata kinahesabiwa kuwa maelezo, na utapoteza mchana mzima ukitafuta kwa nini nywila sahihi inakataliwa. Tunaiweka kwenye faili badala ya kuiandika kwenye amri kwa sababu amri zinazoendeshwa zinaweza kuonekana na wengine walio kwenye mashine hiyohiyo.

Tengeneza folda `/home/duka/nakala`, kisha kwenye sehemu ya Cron Jobs (kazi zinazojiendesha kwa ratiba) weka amri hii iende saa nane usiku. Iandike kwenye mstari mmoja:

```
mysqldump --defaults-extra-file=/home/duka/siri/nakala.cnf --single-transaction --no-tablespaces duka_mauzo | gzip > /home/duka/nakala/mauzo-$(date +\%F).sql.gz
```

Mambo matatu ndani ya mstari huo ndiyo huwaangusha watu. `--defaults-extra-file` lazima itangulie chaguo nyingine zote. `--no-tablespaces` inazuia kosa la kudai ruhusa ya `PROCESS`, ambayo hupewi kwenye seva ya pamoja. Na alama ya `%` lazima itanguliwe na mkwaju wa nyuma, kwa sababu cron huichukulia `%` tupu kuwa mwisho wa mstari. Ndiyo maana amri iliyofanya kazi vizuri ulipoiandika kwenye SSH hukataa usiku.

`--single-transaction` inachukua picha moja ya hifadhidata bila kuwasimamisha wateja, lakini kwa majedwali ya aina ya InnoDB tu. Kama una majedwali ya aina ya zamani, MyISAM, yabadilishe kwanza yawe InnoDB kwa kutumia `duka_fundi`.

Onyo. Angalia ukubwa wa mafaili, si kuwepo kwake. Niliwahi kuitwa kusaidia duka lililopoteza oda zake, na folda ya nakala ilikuwa imejaa mafaili yaliyopangika vizuri kwa tarehe, moja kwa kila usiku. Kila moja lilikuwa na baiti 20. Nywila ya hifadhidata ilikuwa imebadilishwa miezi kadhaa nyuma bila kubadilishwa kwenye faili la mipangilio ya nakala, hivyo `mysqldump` ilikataliwa, na gzip ikabana utupu kila usiku kwa uaminifu. Baiti 20 ndizo gzip inazoandika isipopokea kitu. Mwenye duka alikuwa ameyaona mafaili hayo mara nyingi na kutulia.

Ongeza amri ya pili ya kuondoa nakala zilizozidi wiki mbili, na mara moja kwa wiki pakua ya karibuni kwenye diski yako ya nje:

```
find /home/duka/nakala -name "mauzo-*.sql.gz" -mtime +14 -delete
```

Umefanikiwa ikiwa faili la asubuhi lina ukubwa unaokaribiana na ule uliopakua katika hatua ya 1, na mstari wake wa mwisho unaanza na `-- Dump completed`.

## Hatua ya 9: Irudishe nakala hiyo

Tengeneza hifadhidata tupu iitwayo `duka_zoezi`, ichague ndani ya phpMyAdmin, na uingize nakala ya usiku wa jana kupitia kichupo cha Import. Kikomo cha ukubwa kimeandikwa palepale. Faili likikizidi, tumia SSH. Makosa yanayojitokeza zaidi ni haya.

Kosa 1044, `Access denied`, mara nyingi linatokana na faili lenye mstari wa `CREATE DATABASE` au `USE`. Kwenye cPanel hifadhidata hutengenezwa kwa paneli, kwa hiyo iondoe mistari hiyo.

Kosa 1273, linalolalamikia `utf8mb4_0900_ai_ci`, hutokea nakala ya MySQL 8 inapoingizwa kwenye matoleo mengi ya MariaDB yasiyoutambua mpangilio huo wa herufi. Fanya kazi kwenye nakala ya faili, ubadilishe kila mahali uwe `utf8mb4_unicode_ci`.

Kosa 1227 huashiria neno `DEFINER` linalomtaja mtumiaji wa seva ya zamani. Liondoe pamoja na jina linalolifuata.

Umefanikiwa ikiwa `SELECT COUNT(*) FROM oda` inatoa idadi ambayo duka lilikuwa nayo usiku wa jana, na majina ya wateja yenye herufi maalumu yanasomeka bila alama za kuuliza. Futa `duka_zoezi` ukimaliza, kwa kuwa nayo ina taarifa za watu.

## Ikiwa tayari umedukuliwa

Usianze kwa kufuta. Kwanza weka ukurasa wa matengenezo, kisha pakua kumbukumbu za ufikiaji za seva kabla seva haijazifuta na kuanza mpya, kwa kuwa ndizo zitakazokuonyesha mlango uliotumika. Ukiwa kwenye kompyuta safi, badili nywila ya cPanel, halafu za FTP na za hifadhidata.

Usijaribu kuutibu msimbo ulioambukizwa faili kwa faili. Uondoe wote, uweke upya kutoka kwenye nakala unayojua ni safi, kisha pita hatua ya 2 hadi ya 7. Angalia sehemu nne ambako mdukuzi huacha njia ya kurudi: kazi za Cron usizozitambua, mafaili ya `.htaccess` katika kila folda, watumiaji wapya wenye cheo cha msimamizi ndani ya hifadhidata, na barua pepe zinazoelekezwa kwingine.

Kama majina, namba za simu au anwani za wateja zimesomwa, kuna sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayomtaka mwenye kudhibiti taarifa amjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu alipofahamu, pale ambapo kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wahusika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Andika tangu dakika ya kwanza uligundua lini, taarifa zipi ziliguswa, za watu wangapi, na umefanya nini. Waandikie wateja wenyewe kwa lugha wanayoielewa, na uwaambie nywila gani wabadilishe.

Kazi za Cron ulizozifuta ziangalie tena kesho yake asubuhi. Zikiwa zimerudi, bado kuna faili linaloziandika ndani ya akaunti, na kazi inaanza upya kwenye kuondoa msimbo wote.